Kuteremka na Wenzako

Katika Mji wa Kale wa Mombasa iko barabara ambayo jina lake huwachekesha wageni. Inaitwa Ndia Kuu. Ndia kwa Kimvita ndiyo njia kwa Kiswahili cha vitabuni, na kwa hiyo maana ya jina hilo ni njia kubwa. Mgeni hutazama huku na huku akiitafuta hiyo njia kubwa, kumbe amekwisha kusimama juu yake. Gari moja likipita, waendao kwa miguu hujibanza kwenye baraza na vizingiti vya milango. Na huko juu roshani za mbao zimejitokeza pande zote mbili, hata mbingu huonekana kama kipande cha utepe. Lakini jina halikukosewa. Njia hupimwa kwa haja ya watu wake, na zamani shehena ya mji huu ilikuwa ikipita juu ya mabega ya wanadamu.

Hata leo shehena nyingi ya mtaa huu huchukuliwa na watu. Mahali ambapo lori haliwezi kugeuka, mkokoteni hupita. Wengi katika Mombasa huuita mkokoteni huo hamali, neno ambalo kwa asili ni jina la mchukuzi mwenyewe. Gari limerithi jina la mtu, na mtu amebaki kuitwa mtu wa hamali. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Mkokoteni ni chombo chepesi kukieleza na kizito kukiongoza. Magurudumu mawili ya gari yametiwa katika chuma kimoja. Juu yake pamelazwa jukwaa refu la mbao. Na mbele imetokeza mipini miwili, ambayo mshikaji husimama katikati yake kama punda. Nyuma kabisa, chini ya mkia wa jukwaa, pamepigiliwa kipande cha mpira wa gurudumu uliochakaa. Hiyo ndiyo breki. Mshikaji akitaka kupunguza mwendo huinua mipini, mkia ukashuka, na mpira ukasugua barabara. Breki hiyo hutosha kwa mzigo wa kadiri. Mzigo ukizidi, hapana budi wawepo wenzake nyuma, walioshika kamba iliyofungwa mkiani, wakivuta kinyume kana kwamba hawataki mzigo ufike.

Sasa msomaji na aangalie jinsi watu hawa walivyokaa. Yule wa mbele anaiona njia, lakini hawaoni wenzake, kwa kuwa magunia yamesimama kama ukuta nyuma ya kisogo chake. Wale wa nyuma wanaona magunia, lakini hawaioni njia. Mmoja ana macho na hana nguvu ya kutosha kuuzuia mzigo. Wengine wana nguvu na hawana macho. Kinachowafanya watu watatu kuwa mwili mmoja ni sauti tu.

Kutoka barazani kwetu nimewasikiliza kwa miaka mingi, nikajifunza kwamba sauti zao ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya kuwaambia walimwengu. "Simile! Simile!" hupiga kelele yule wa mbele, na kila aliyezaliwa pwani hujua kuwa ameambiwa apishe njia. Ya pili ni ya wao kwa wao. Wakifika mahali njia inapoinama, husikika neno jingine, "Habedari!", yaani jihadharini, na hapo hapo kutoka nyuma ya magunia hutoka majibu, moja baada ya jingine. Majibu yenyewe hayana maneno ya maana. Huyu atasema "Ehee," yule ataguna tu. Ukiyaandika katika daftari utaona kuwa hujaandika kitu. Lakini kwa mshikaji wa mipini yana maana moja kubwa, nayo ni "nipo." Yeye huyahesabu. Akiwa na wenzake wawili lazima asikie sauti mbili, na asipozisikia hateremki.

Jambo hili si geni katika mji wetu, bali ni la kale kuliko magurudumu. Mji wa Kale umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na bandari yake iko chini ya mwamba huo. Kila kitokacho bandarini hupanda, na kila kiendacho bandarini huteremka. Siku za majahazi makubwa, vyombo vya Arabuni na Ghuba vilikuja na upepo wa kaskazi, vikashusha tende, mazulia na samaki wakavu; kisha vikangoja kusi iwarudishe kwao vikiwa vimepakia boriti na mazao ya nchi. Shehena hiyo ilichukuliwa na mahamali, ambao wengi wao walikuwa watu waliotoka Hadharamaut. Mzigo ulioshinda nguvu za mtu mmoja ulining'inizwa kwenye mti, na mti ukatiwa mabegani mwa wawili au wanne. Walikwenda kwa kuitikizana, mmoja akitoa na mwingine akipokea, na watu waliosimama kutazama walidhani kuwa wachukuzi wale wanajifurahisha. Hapana shaka walijifurahisha pia. Lakini kazi ya kwanza ya wimbo ule ilikuwa ni kulinganisha nyayo. Mti uliobebwa na watu wawili wasiokwenda hatua moja huwapiga mabegani wote wawili, na katika mteremko mzigo humwendea yule wa mbele, ukamsukuma. Yeye hana njia ya kumjua mwenzake aliye nyuma ila kwa kumsikia.

Kisha zikaja toroli. Kisa chake kinafaa kukumbukwa na vijana, kwa sababu hakuna alama yake iliyobaki barabarani. Mwaka 1890 ile Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani yetu ilianza kutandika reli nyembamba upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kwa tamaa ya kufika nchi za maziwa. Haikufika mbali. Maili chache tu zilitandikwa, kazi ikasimama, na baadaye reli zile ziling'olewa zikaletwa kisiwani. Hapa zilipitishwa katika mitaa ya mji mpaka Kilindini, na juu yake yakapita magari madogo yenye kiti na kipaa cha kitambaa, yakisukumwa na watu. Ofisa wa serikali au tajiri aliketi kivulini, na nyuma yake vijana wawili au zaidi walikimbia wakisukuma. Njia ilikuwa moja tu. Toroli mbili zikikutana, moja iliondolewa juu ya reli mpaka nyingine ipite. Lakini lililowapendeza abiria zaidi lilikuwa ni mteremko. Wasukumaji walipofika kileleni waliruka juu ya toroli, nyuma ya abiria, wakaiacha ijiendee yenyewe, na hatamu ya safari ikawa mikononi mwa aliyeshika breki. Magari ya moto yalipoenea, katika miaka ya 1920, toroli ziliondoka. Ninapofikiri habari zake, simfikiri yule ofisa na kofia yake. Nawafikiri wale vijana wawili, ambao mmoja akiruka juu na mwingine akichelewa nusu ya dakika, hawataonana tena mpaka chini.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Watu hudhani kuwa wenzi hutenganishwa na taabu ya kupanda. Mimi naona kinyume. Katika kupanda, watu wote huenda kwa mwendo mmoja, kwa sababu hakuna awezaye kwenda upesi. Kila mmoja humwona mwenzake akitokwa jasho, humsikia akihema, na akiacha kusukuma mzigo wenyewe humshitaki mara moja kwa kurudi nyuma. Taabu huwafunga pamoja hata kama hawapendani. Lakini katika mteremko hakuna anayemhitaji mwenzake ili aende. Uzito wake mwenyewe unamtosha. Kila mtu huenda kwa kadiri ya wepesi wake na ujuzi wake. Tofauti ndogo ambayo katika kupanda haikuonekana, katika kuteremka huzidi kila nukta, na yule wa mbele hugeuka akakuta yuko peke yake.

Tazama neno Harambee. Kabla ya kuwa neno la taifa lilikuwa sauti ya watu wa pwani wakivuta na kuinua vitu vizito pamoja. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilichukua akaliitia nchi nzima, na sasa limechorwa katika ngao ya Jamhuri ya Kenya. Ni neno jema, na sina neno la kulipinga. Lakini ni neno la kupandia. Wachukuzi walikuwa na neno jingine la kuteremkia, lile la kutahadhari na kuitikia, na hilo halikupata bahati. Hakuna aliyelichora katika ngao.

Nimepata kuona kwa macho yangu gharama ya kukosa kuitikia. Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, saa ambayo mtaa una pilika za futari na watoto hutoka chuoni kwa mkupuo. Mkokoteni mmoja ulikuwa ukipeleka magunia ya unga bandarini. Mipini ilishikwa na mzee mmoja, mtu wa miraba minne, ambaye ndevu zake zimekuwa nyeupe katika kazi hiyo. Nyuma walikuwako wawili: mmoja mwenzake wa siku nyingi, na mmoja kijana aliyeajiriwa asubuhi ile. Kijana alikuwa na nguvu kuliko wote. Lakini alikuwa amejitia masikioni vile vidude vya kusikilizia muziki, na kamba ameizungusha mkononi mara moja tu, akienda nayo kama mtu anayeongoza mbuzi.

Walipogeuka kona kuelekea chini mzee aliita, "Habedari!" Likaja jibu moja. Akaita tena, likaja lile lile moja. Wakati huo magurudumu yalikuwa yamekwisha kuinama. Mzee aliinua mipini kwa nguvu zake zote, mpira ukalia barabarani, lakini mzigo ulikuwa mkubwa na mwenzake mmoja hakuweza kuushika. Mbele yake, hatua kama 15, watoto walikuwa wakitoka mlangoni na juzuu zao. Aliweza kuiachia mipini na kuruka kando. Mtu yeyote angelifanya hivyo wala asingelaumiwa. Hakufanya. Aliusukuma mpini wa kushoto akaugeuza mkokoteni kwenye baraza ya mawe. Ukagonga kwa kishindo kilichowatoa wanawake madirishani. Magunia mawili yakapasuka, unga ukatimka kama moshi, na mzee akabanwa mkono wake baina ya mpini na ukuta.

Watu walipokwisha kumtoa, wote walimgeukia kijana. Mmoja alimwita mwendawazimu, mwingine alimwambia kwamba watu kama yeye ndio wanaoleta misiba. Kijana alisimama mweupe kwa unga tangu kichwani mpaka miguuni, na vidude vyake vikining'inia kifuani, hana la kusema ila, "Nisamehe, baba. Nisamehe, baba." Mzee alikuwa ameketi chini, ameushika mkono uliovunjika kama mtu aliyebeba mtoto.

"Msimtukane," akasema. "Kosa tumegawana. Asubuhi nilimwambia ashike kamba. Sikumwambia aitikie."

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Wengi wetu huwapa wenzetu kazi ya kamba. Tunawaonyesha pa kushika, pa kuvuta, na saa ya kufika. Tukadhani mengine watayajua wenyewe. Lakini kuitikia hakujulikani kwa kubahatisha. Ni lazima kusemwe, tena kusemwe juu, kabla magurudumu hayajainama. Chini ya hapo hakuna wakati.

Msomaji yamkini ataniambia kuwa mteremko wa Mji wa Kale ni mfupi, na kuwa duniani iko miteremko ya kutisha zaidi. Ni kweli. Mtoto wa ami yangu, ambaye tulicheza pamoja katika vichochoro hivi, anafanya kazi Austria, nchi ya milima mirefu yenye theluji. Huko watu hujifunga miguuni mbao mbili nyembamba na ndefu, wakapandishwa kileleni kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya mnene, kisha wakateremka wakiteleza kwa mwendo wa gari. Mchezo huo huitwa skii. Alipokuja nyumbani likizo alituhadithia siku ya kwanza aliyochukuliwa na wenzake wa kazini, na sisi barazani tulicheka mpaka machozi tulipomfikiri mtu wa Ndia Kuu amesimama juu ya theluji, amevaa makoti matatu. Lakini alipofika kwenye habari za kupotezana niliacha kucheka, kwa sababu niliona anasimulia habari za hamali.

Alisema kuwa kabla ya kuteremka wenzake walisimama kileleni wakapatana. Mtu wa mbele atasimama kila njia zinapoachana, wala hatapita mpaka amwone wa mwisho. Mjuzi wao mmoja atakaa nyuma ya wote, asimpite mtu hata akichoka kungoja. Atakayepotea asizunguke milimani akiwatafuta. Ashuke mpaka nyumba fulani chini ya waya fulani, akae hapo. Ndugu yangu aliuliza kwa nini wasipigiane simu tu. Wakamweleza kuwa baridi hufyonza nguvu ya betri upesi, kuwa kuna mabonde yasiyofikiwa na mawimbi, na kuwa mtu anayeteremka kwa mbio hawezi kuvua glavu na kutia mkono mfukoni. Simu walikuwa nazo, tena wameziweka ndani ya nguo karibu na mwili ili zipate joto, lakini hawakuzitegemea. Na ilikuwa vyema, kwa sababu baada ya saa moja ukungu uliteremka, weupe wa juu ukaungana na weupe wa chini, na ndugu yangu hakuweza tena kujua kama anakwenda au amesimama. Alikwenda polepole mpaka penye njia panda. Katika milima ile njia mbili zikiachana huweza kukufikisha katika mabonde mawili yasiyoonana. Hapo akakuta kivuli cha mtu kimesimama pembeni, kikapaza sauti kumwita jina lake.

Mchezo huo una sheria zake pia, zilizotungwa mwaka 1967 na shirikisho la mataifa la mchezo wa skii, na ndani yake nimeona mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumchunga aliye mbele, kwa kuwa wa mbele hana macho kisogoni. La pili, mtu asisimame mahali pembamba au mahali asipoweza kuonekana na anayetoka juu. Akitaka kuwangoja wenzake, na ajitenge pembeni, penye nafasi. Nimewasikia madereva wengi wa tukutuku wa mtaa wetu ambao wangelifaidi kusomewa sheria hiyo ya pili.

Kwa mtu aliyepatwa na shida mlimani iko ishara inayojulikana kote katika milima ya Alps: filimbi, mwanga au ukelele mara 6 katika dakika moja, kisha kunyamaza dakika moja, kisha kuanza tena. Anayesikia hujibu mara 3 katika dakika. Nilipomuuliza ndugu yangu kwa nini pawe na majibu, hali anayesikia angeweza kukimbia moja kwa moja kwenda kumwokoa mwenziwe, alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga. Akasema, "Ndugu yangu, yule aliyelala kwenye theluji asiposikia majibu ataacha kupiga filimbi."

Na wale waendao nje ya njia zilizotengenezwa, mahali ambapo theluji huweza kuporomoka mlima mzima na kuwafukia watu, huvaa kifuani chombo kidogo cha redio. Vyombo vyote hivyo hutumia wimbi moja, kilohezi 457, ili cha mtu wa taifa lolote kiweze kusikiwa na cha mtu mwingine. Tangu asubuhi kila chombo hutoa mlio wake, bila ya neno lolote. Mtu akifukiwa, wenzake waliosalimika hugeuza vyombo vyao vikaacha kutoa vikawa vinasikiliza, na kwa mlio huo humfuata mpaka mahali alipo, wakachimba. Hawana wakati mwingi. Aliyefukiwa akikaa zaidi ya robo saa, tumaini la kumkuta hai hupungua haraka. Chombo hicho ni cha ustadi mkubwa, na waliokibuni wanastahili sifa. Lakini kwa hakika hakisemi ila lile lile ambalo mtu wa kamba huliguna nyuma ya magunia.

Mkenya mmoja aliyapata haya mbele ya macho ya dunia. Philip Boit alikuwa mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyepata medali ya shaba katika mita 800 mwaka 1972. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kwa gharama ya kampuni ya viatu, pamoja na Mkenya mwenzake, ili ajifunze skii, hali theluji ilikuwa hajapata kuikanyaga. Baada ya miaka miwili alikuwa Nagano, nchini Japani, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1998, Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Shindano lake lilikuwa la kilomita 10, la kupanda na kuteremka katika misitu, na theluji ya siku ile ilikuwa imelowa kwa mvua. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25, wa 92, na nyuma yake hakuna aliyemaliza.

Wako waliosema kuwa ilikuwa kichekesho na tangazo la biashara. Sitawabishia juu ya biashara. Kampuni haitoi fedha kwa mapenzi tu. Lakini juu ya kichekesho nitawabisha. Wakubwa wa michezo walitaka kuwapa washindi medali zao, na Dæhlie, ambaye alikuwa mtu mashuhuri kuliko wote katika mchezo huo, alikataa kuondoka mpaka Mkenya afike. Alisimama penye mstari wa mwisho akamngoja. Boit alipotokea, Dæhlie alimpokea kwa kumkumbatia. Urafiki wao uliendelea baada ya hapo, na Boit alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la Dæhlie.

Kisa hiki nilimsimulia yule mzee wa mipini, miezi kadhaa baada ya mkono wake kuunga. Alikuwa amerudi kazini, na kijana yule yule alikuwa nyuma kwenye kamba. Walikuwa wamepumzika kivulini wakinywa kahawa chungu. Mzee alisikiliza bila ya kunikatiza, ingawa ilinipasa kumweleza mara mbili theluji ni kitu gani na mtu hufungaje mbao miguuni.

"Huyo aliyeshinda," akauliza, "walipitana na mwenzake kwa muda gani?"

"Dakika 20," nikasema.

"Na baridi ile?"

"Na baridi ile."

Akamimina sira ya kahawa chini, akamrudishia muuzaji kikombe chake, akaingia katikati ya mipini.

"Basi huyo," akasema, "ni hamali mwenzetu."

Kisha akaita, na kutoka nyuma ya magunia zikaja sauti mbili.